Mchana Nilipokula na Mama Mkwe Bila Kumwona

Mke wangu alipokuwa na mimba ya pili, tumbo lake lilikataa kila kinachoota Uganda. Matoke aliyolelewa nayo yalimtia kichefuchefu. Mihogo, hata kuinusa hakutaka. Mimi mtu wa Pwani, wa Kisauni, nikampikia wali wa nazi kwa mkono wangu mwenyewe, akaula kijiko kimoja, akanitazama kwa huruma, akasukuma sahani. Alichotamani ni dengu zilizosagwa kwa ufuta, ndimu na kitunguu saumu, pamoja na zeituni chungu zinazomfanya mtu akunje uso. Vitu hivyo tulijua vinapikwa mahali pamoja tu, kwenye mkahawa mdogo chini ya kilima cha Mbuya.

Mkahawa wenyewe ulikuwa chumba kimoja chenye meza nne, jiko nyuma, na pazia la kitenge katikati. Mwenyewe alikuwa dada wa Kikongo kutoka Bukavu, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Huko kwao alipika miaka mingi katika nyumba ya mfanyabiashara Mgiriki, mpaka vita vikawatawanya. "Mugiriki alibeba mali yake," alipenda kusema, "na miye nikabeba mapishi yake." Majani ya mzabibu hakuyapata Kampala, kwa hiyo wali wake akauviringisha ndani ya kabichi. Jibini aligandisha mwenyewe. Mgiriki halisi angepita pale sijui angesema nini, lakini sisi tulikuwa tunalamba vidole.

Karakana yangu ilipakana na mkahawa huo. Nilikuwa natengeneza milango na vitanda. Ilikuwa miaka ya tisini, Kampala ilikuwa inajipaka rangi upya baada ya vita, na nyumba nyingi zilikuwa zimeporwa mpaka milango. Kila mtu alitaka mlango. Nilikuja kutembea tu, nikaona riziki iko huku, nikabaki, nikaoa Mganda kanisani kwa vigelegele vyote.

Sasa sikiliza shida yetu. Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza siku aliyozaliwa. Mke wangu alishikwa na uchungu kabla ya wakati, nyumbani kwetu Kibuli, na hapakuwa na mtu mzima wa kumshika mkono ila jirani mmoja na mimi. Alipopata mimba tena aliniambia neno moja, akalirudia kila wiki: "Safari hii sizai bila mama." Mama yake alikaa Kasubi, upande wa pili wa mji tu. Lakini daktari alitaka mke wangu alale karibu na hospitali ya kilimani Kibuli, na mama yake alikuwa amekataa katakata kulala kwetu.

Alikataa kwa sababu yangu. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawali pamoja, hawashikani mikono, na kama mambo yakienda sawa hata hawatazamani. Jambo hilo wanaliita obuko, na wanasema anayelivunja mikono yake itakuja kutetemeka uzeeni. Siku ya harusi yangu, mama mkwe nilimwona mgongo na lile gauni lao refu la gomesi, la manjano, basi. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili na kijia chembamba kati yake. Mama mkwe akitoka kuoga, mkwe akitoka kuvaa viatu, paap, wamegongana. Ndiyo maana aligoma.

Nami, wacha niseme kweli, jambo hilo lilinikera. Kwetu Pwani mama mkwe ni mama. Unambusu mkono, unamletea kanga, anakwambia umekonda, anakupakulia tena. "Yaani mimi nina nini?" nilikuwa namfokea mke wangu. "Nina upele? Nauma?" Mke wangu alicheka mpaka akashika kiuno. "Huumi," alisema. "Ni heshima tu." Heshima gani hiyo ya kukimbiana? Lakini wahenga walishasema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Nikanyamaza, ingawa kunyamaza si kazi niliyosomea.

Mke wangu akapanga mpango. Atamwalika mama yake chakula cha mchana pale kwa dada wa Bukavu, wawili tu, wale, washibe, kisha amwombe kwa mara ya mwisho. Ombi huingia vizuri kwa mtu aliyeshiba. Kazi yangu ilikuwa moja: kwenda mapema kumwagizia dada apike nini, halafu nipotee kabisa mpaka jioni.

Nilikwenda mapema. Kosa langu ni kwamba niliingia mpaka jikoni kuonja, na dada wa Bukavu hamwachi mtu aonje kitu kimoja. Nilikuwa na kipande cha biringani mdomoni aliposhika pazia akachungulia nje, akageuka macho yamemtoka. "Fundi! Mama eko anafika! Bashashuka mu gari!"

"Nipitie wapi?"

"Upitie wapi namna gani? Mlango ni moja tu. Kaa humu. Kaa!"

Hebu nitazame, fundi wa milango, umaarufu wangu umefika Bugolobi, nimefungiwa katika jiko lisilo na mlango wa nyuma. Mwenye nyumba alikuwa amekataa ukuta utobolewe. Nilijibana kati ya gunia la vitunguu na jiko la makaa, nikakaa juu ya kreti ya soda, nikasikia viti vikivutwa, vyote viwili nimevitengeneza mimi. Halafu nikasikia salamu za Kiganda, zile ndefu zinazouliza mpaka hali ya migomba. Sauti ya mama mkwe ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na tulivu.

Dada akaanza kutoa vyakula. Yeye ana desturi yake kutoka kwa Mgiriki: anajaza meza kwa visahani, dengu hapa, biringani pale, maziwa ya mgando yenye matango, zeituni, jibini, kabichi za wali, mikate ya bapa ya moto, na kila mtu anachovya anapotaka. Mke wangu nilimsikia akila kama mtu aliyetoka jela. Mama yake sikumsikia akila. Alikuwa amekaa tu.

"Mama, kula," mke wangu alisema kwa Kiganda.

"Nasubiri," akajibu mama yake kwa upole.

Dada akaongeza nyama ya kondoo ya kuchoma. Kimya. Akaongeza samaki wadogo wa kukaanga. Kimya bado. Mwishowe mama mkwe akamgeukia dada, na kwa kuwa Mkongo hajui Kiganda, akasema kwa Kiswahili. Alikijua Kiswahili cha kambini. Alipofiwa na mume aliuza chai na mihogo kwa askari wa Mbuya, akasomesha watoto kwa birika.

"Mwanangu, asante sana. Mboga nimeona. Mboga mingi, mizuri. Sasa chakula iko wapi?"

Nilitaka kuangua kicheko, nikaziba mdomo kwa kofia. Mimi nilijua tatizo, maana nimeishi na Waganda. Kwao chakula ni matoke, au posho, yaani ugali, au viazi, kitu cha kukaa tumboni. Vingine vyote, hata ungechinja fahali, ni mboga ya kusindikiza. Mama wa watu alikuwa ameona mboga za aina nane zimepangwa mbele yake na chakula hakuna, naye kwa adabu akasubiri kiletwe.

Dada wa Bukavu aliingia jikoni mbio. "Fundi, miye nitafanya nini? Anataka matoke! Kwa Mugiriki matoke haikukuwa!"

"Kwa mama wa kibanda, pale kona," nikamnong'oneza. "Kimbia!"

Akakimbia na sahani, na sisi watatu tukabaki mle, mimi nyuma ya pazia. Hapo ndipo makaa yaliponigeuka. Mafuta ya kondoo yalidondoka, moshi ukanivaa, na kitunguu kilichokatwa kilikuwa chini ya pua yangu. Nilijizuia. Nilibana pua, nikaomba watakatifu wote. Chafya ile ikatoka na kuporomosha masufuria.

"Nani iko jikoni?" akauliza mama mkwe.

Bahati dada alikuwa anarudi na matoke yanafuka moshi ndani ya jani la mgomba. Kudanganya hajui, maskini. "Ni fundi tu, mama," akasema.

"Fundi gani?"

"Fundi wa... wa milango."

Lo! Kampala nzima mafundi wa milango wangapi wangejificha jikoni siku hiyo? Nilisikia kiti kikikwaruza sakafu. Dada alinisimulia baadaye kwamba mama mkwe alikuwa amekigeuza, akalipa pazia mgongo. Nikafikiri anainuka aende zake, na mke wangu naye alifikiri hivyo, maana nilisikia pumzi yake ikikatika. Lakini hakuinuka. Akavuta yale matoke, akachovya katika dengu za Mgiriki, akatafuna.

"Hii mboga," alimwambia dada, "iko sawa kabisa na matoke."

"Mugiriki angelia," akasema dada, na wote watatu wakacheka. Mimi peke yangu nyuma ya pazia nilikuwa natoka jasho.

Walikula. Nami dada alinipenyezea sahani yangu, nikala na magoti yangu yamegusa kidevu, mikate, biringani, matoke na kipande cha kondoo. Kwa mara ya kwanza tangu nioe nilikuwa nakula chakula kimoja na mama mkwe, na sikuwa nimevunja sheria ya mtu. Nilifurahi kama mtoto, sijui kwa nini.

Ndipo mke wangu akaanza ombi lake. Ah, wanawake wa Kiganda kwa kuzunguka! Alianza na hali ya hewa, akapita kwa shemeji wa Masaka, akafika kwa daktari, akasema daktari anasema hivi, miguu inavimba hivi, na usiku anaota hivi. Mama yake akamjibu kwa Kiganda bila ukali wowote, "Mwanangu, tulishamaliza. Vyumba viwili. Nikitoka kuoga nipite wapi? Nikutane na mkwe na taulo? Nitakuja mchana, jioni nirudi Kasubi."

"Uchungu haungoji mchana, mama," mke wangu akasema, na sauti yake ikaanza kuvunjika. "Ule mwingine haukungoja."

Haraka haina baraka, najua. Lakini mke wangu akilia mimi akili hunitoka. "Mama!" nikapaza sauti kutoka jikoni. "Nitajenga ukuta!"

Kijiko kikaanguka. Dada wa Bukavu akashika kichwa. Mimi mwenyewe nikajishika mdomo, nikasema basi, umeharibu, mropokaji wewe, mama wa watu ataondoka na hatarudi tena.

Halafu mama mkwe akazungumza, na safari hii kwa Kiswahili. Mke wangu hakuhitaji Kiswahili, wala dada hakuwa ameulizwa kitu. Nikajua maneno ni yangu.

"Mwambie huyo fundi," akasema, "ukuta ya nini? Ya mbao?"

Hakukuwa na haja ya kuniambia, mita mbili tu zilitutenganisha. "Mwambie mama," nikajibu, "ukuta wa mbao nzuri, mpaka darini. Na mlango wake wa kutokea nje, njia yake mwenyewe ya bafuni. Hatanisikia hata nikikohoa."

"Mwambie, chafya yake inasikika mpaka Kasubi."

Dada akacheka mpaka akaketi. Nami nikacheka. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho mke wangu hakuwahi kunieleza vizuri, pengine kwa sababu kwake kilikuwa wazi mno: wenyewe hawakatazi maneno. Kuwe na kizuizi katikati, pazia, ukuta, mlango, na mkwe anaweza kuzungumza na mama mkwe wake mpaka jua lizame. Mwaka mzima nilinuna kwa kunyimwa kitu ambacho pazia la kitenge lingenipa.

Tukazungumza. Akaniuliza kwetu ni wapi, bahari ina chumvi kweli, mama yangu yuko hai, ana watoto wangapi. Nilimwambia mama yangu akija nitamleta amwone, nao wanaruhusiwa kutazamana mpaka wachoke. Akacheka kwa pua. Polepole lile "mwambie" likapungua, na mara nikagundua limeshakwisha kabisa, ananiuliza moja kwa moja.

"Sasa niambie wewe," akasema. "Hospitali iko. Daktari iko. Wewe mwanaume iko. Mimi unanitaka ya nini?"

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ikapotea yote. "Mama," nikasema, "mwaka jana mtoto alipokufa, mimi ndiye niliyekaa na binti yako. Siku nzima. Sikujua nimwambie nini. Nilimletea maji akakataa, nilimwambia nyamaza akalia zaidi. Alikuwa anakuita wewe. Mimi si mama yake. Najaribu, lakini mimi si mama yake."

Mke wangu alikuwa analia waziwazi. Dada alikuwa amesimama penye pazia na kitambaa cha kufutia meza, hafuti kitu.

"Nilikuja," mama mkwe akasema.

Hakuna aliyemwelewa.

"Habari ilinifikia, siku hiyo nilikuja Kibuli. Boda boda iliniacha chini ya nyumba yenu. Nikasikia mtoto wangu analia ndani, na wewe iko ndani na yeye. Nikasema nitaingiaje? Nikakaa kwa yule mama anauza mkaa. Nilikaa hapo mpaka jioni. Nikasikiliza. Aliponyamaza, nikarudi Kasubi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwaka mzima mke wangu alidhani mama yake hakuja. Mwaka mzima nami nilimchukia kidogo mama yule, naye alikuwa ameketi kwenye vumbi la mkaa hatua chache kutoka mlangoni kwangu, akimsikiliza mwanawe kupitia ukuta. Mke wangu aliinuka na tumbo lake kubwa, akapiga magoti mbele ya mama yake, akaweka kichwa mapajani. Hilo nalo sikuliona, dada ndiye aliyenisimulia, maana mimi nilikuwa nimefunika uso kwa ile kofia.

"Jenga ukuta," akasema mama mkwe baada ya muda. "Na komeo ikae upande yangu."

Kisha akamwomba dada amfungie zile dengu zilizobaki, aende nazo Kasubi akale na viazi.

Niliujenga, nikauwekea na mlango mdogo wa kijiani, komeo upande wake. Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama ile, nikaacha oda za watu zinangoja. Mama mkwe akahamia na kikapu na mkeka, na kuanzia siku hiyo nyumba yangu ikawa na sauti mbili za kunigombeza, moja ninayoiona na moja nisiyoiona. Asubuhi aligonga mbao mara akisikia kikombe changu. "Fundi, umekunywa chai?" Nimekunywa, mama. "Na mkate?" Ndiyo, mama. Mke wangu alipandwa na wivu, akasema tunapiga soga kuliko yeye na mama yake.

Uchungu ulikuja adhuhuri moja, taratibu, kama ulivyotakiwa. Mama mkwe alikwenda naye hospitali, akamshika mkono mpaka mwisho. Mimi nilingoja nje ya geti, upande ambao yeye hapiti. Alizaliwa msichana mwenye mapafu ya kuuza samaki.

Waliporudi nyumbani, mke wangu alilala palepale, amechoka. Mtoto alikuwa upande wa pili wa mbao, mikononi mwa bibi yake, nami nilimsikia akilia na sikuthubutu kusogea. Mikono yangu na ya mama mkwe haikuruhusiwa kukutana, hata kwa kupokezana mtoto. Nikasimama pale kijiani, baba mzima, nimebandika sikio kwenye mbao.

Komeo likafunguka. "Ngoja," akasema. Nikasikia kitanda kikilia, kanga zikitandazwa, kisha nyayo zikienda mpaka dirishani. "Sasa ingia. Mimi nimegeuka."

Niliingia. Alikuwa amesimama ananipa mgongo, uso dirishani, mwanamke mdogo wa kimo kuliko sauti yake. Binti yangu alikuwa katikati ya kitanda, mwekundu, amekasirika, anapigana na hewa. Niliinama nikamchukua, na mikono yangu ikatetemeka vibaya, kabla hata ya uzee.

Mama mkwe hakugeuka. "Shika kichwa," akasema. "Kichwa kwanza."

Nikashika kichwa.